Nira ya Nyumba Mbili

Wanangu mnaotoka vyuoni, na vyeti vyenu mmevitia kwenye mfuko wa nailoni visilowe, sogeeni. Nimesikia wengi wenu mmepangiwa vijiji vya huku kwetu juu, na kwamba baadhi mmeshaanza kulia kabla hata ya kushuka kwenye basi. Msilie. Au lieni kidogo, kisha mnunue sweta, maana baridi ya Ufipa mwezi wa saba haijali umesoma mpaka wapi.

Mimi nimestaafu. Kazi yangu ilikuwa kufundisha maksai kulima, na kufundisha watu kulima na maksai, na hilo la pili ndilo gumu. Nilianza nilipomaliza chuo cha kilimo, nikaendelea mpaka mgongo uliponishauri nirudi mjini. Sasa naishi Kizwite, nina bustani ya kabichi, na majirani huniita Mwalimu. Hawajui kwamba wanafunzi wangu wengi walikuwa na pembe.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kuwaza. Wengine huzaliwa na sauti nzuri, wengine na mbio. Mimi nilizaliwa na "je, ikiwa". Siku ninatoka nyumbani kwetu Katandala kwenda kuanza kazi, njia nzima niliwaza: je, ikiwa ng'ombe hawatanipenda? Nikajibu, basi nitawazoesha polepole. Kisha nikawaza: je, ikiwa watanipenda mno? Hilo sikulipatia jibu mpaka gari likasimama.

Kijiji chenyewe sitakitaja, kwa sababu watu wake bado wapo na bado wanacheka. Nyumba zake zilikuwa chache na nyasi zake zilikuwa nyingi. Ukisimama mlangoni unaona nyasi zinashuka bondeni, zinapanda ng'ambo, zinashuka tena, mpaka macho yanaomba kupumzika. Miti ilikuwa mikaratusi michache karibu na kanisa, na watu waliijua mmoja mmoja kama wajomba zao. Faida ya nchi ya namna hiyo ni kwamba mgeni huonekana muda mrefu kabla hajafika. Mwenye nyumba anapata nafasi ya kuteleka maharage, au ya kujificha, kutegemea mgeni ni nani.

Mimi sikulijua hilo. Nilishushwa barabarani, nikatembea kwa miguu, na nilipofika nyumba ya kwanza nikamkuta mama mmoja amesimama nje, mikono kiunoni, ananisubiri.

"Wewe binti, pale bondeni ulikuwa unagombana na nani?"

"Sikuwa na mtu, mama."

"Ndiyo maana nauliza. Tumekuona unainama, unarudi nyuma, unainama tena. Tukasema huyu ama ni mcheza ngoma, ama amepungukiwa."

Nilikuwa nafanya mazoezi ya kusalimia wazee. "Shikamoo, mama," nikasema, na mazoezi yote yakaniponyoka.

"Marahaba. Hiyo ndiyo nzuri. Zile za bondeni zilikuwa na chumvi nyingi."

Huyo ndiye Mama Skola, mjane, mwenye shamba la mteremkoni na ulimi usiolala. Binti yake Skolastika, ambaye ndiye aliyempa jina, alikuwa mkimya kama chungu. Watu walisema maneno ya nyumba ile yalikuwa na kipimo chake, na mama alikuwa ameshayamaliza kabla mtoto hajazaliwa.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Anselmi, fundi maksai wa pale, mfupi, mwenye kofia ya sufu ambayo sikuwahi kuona kilichomo chini yake. Asubuhi ya kwanza alinitazama nikizunguka zizi, nikiwaza nianzie wapi.

"Mwanangu," akasema, "ng'ombe hapendi haraka na hapendi mawazo. Wewe umekuja na vyote viwili. Nikuvue kipi kwanza?"

Si kwamba yeye alikuwa malaika wa ng'ombe. Aliamini kwamba dume mwenye pembe zilizoelekea mbele hafundishiki, na akamkataa mmoja mbele ya watu wote. Mwenye dume akaenda kumfundisha nyumbani, akawa maksai hodari kupita wote. Mzee Anselmi aliulizwa, akajibu bila aibu, "Pembe zake zimerudi nyuma kidogo."

Lakini mengi alinipa. Alinifundisha kwamba maksai wawili wafanane urefu kabla ya kufanana nguvu, la sivyo nira humlalia mfupi. Alinifundisha kuanza na kutembea tu, bila plau, siku baada ya siku, mpaka ng'ombe waone kufungwa ni jambo la kawaida kama kufungwa kitenge. Na alinifundisha upepo. Kule juu hakuna kitu cha kuuzuia upepo, unachukua neno lako na kwenda nalo unakotaka. Nilipiga kelele "Simama!" siku moja, wangu wakaendelea mpaka kwenye maharage ya watu, ila ng'ombe wa shamba la jirani wakasimama wima. Mwenye shamba akaniambia, "Ahsante Mwalimu, walikuwa wamechoka."

Kuhusu mbao za nira, sikilizeni kwa makini. Mti mzuri hutoka mbali, kule nchi inakoanza kuteremka. Mimi niliona mkaratusi uko karibu, nikaukata mbichi, nikachonga nira, nikaipaka mafuta, nikajipongeza. Ilipokauka ikajipinda. Maksai mmoja akawa anatazama mbinguni na mwingine anatazama chini.

"Vizuri," Mzee Anselmi akasema. "Huyu anasali, yule anatafuta sindano."

Siku hizi najua mna simu zenye picha za kila aina ya nira, na wengine mmepewa matrekta ya mkono. Nayasifu. Kijana mmoja alinionyesha lake, nikauliza linageukaje mwisho wa mstari, akaanza kunieleza, nalo likageuka peke yake likaingia kwa kuku. Nikajisikia nyumbani kabisa.

Sasa jambo nililowaitia. Nyumba nyingi za kijiji kile zilikuwa na maksai mmoja tu, na maksai mmoja ni kama kiatu kimoja. Kwa hiyo nyumba mbili zilifunga nira pamoja. Wa kwako anakaa kushoto, wa kwangu kulia, na hawabadilishani, kwa sababu ng'ombe aliyezoea kulia ukimweka kushoto anakuwa kama mtu aliyevalishwa shati nyuma mbele. Mkishawafundisha pamoja, mmefungana na nyinyi. Hakuna karatasi wala shahidi. Ukikosana na mwenzako, umekosana na nusu ya plau yako.

Maksai wa Mama Skola aliitwa Karani, kwa sababu hakuweka mguu mahali kabla ya kupakagua. Mwenzake alikuwa Sultani, wa Mzee Kaspari, jirani wa ng'ambo ya kijito. Mzee Kaspari alikuwa mrefu, mpole, mwenye kuongea kwa kituo. Marehemu mume wa Mama Skola alikuwa mdogo wake kwa baba mdogo, kwa hiyo yeye na Mama Skola walikuwa mashemeji, na walitaniana kila siku ya Mungu. Yaani yeye alisikiliza, na Mama Skola akatania.

"Shemeji, nasikia unataka kwenda Sumbawanga mjini. Ukianza safari leo, Krismasi utakuwa umefunga kamba za viatu."

"Mm," alijibu Mzee Kaspari, akitabasamu kwa ndani.

Basi mvua za kwanza zikanyesha, ardhi ikalainika, watu wakatoa plau. Asubuhi ile Mama Skola alivuka kijito na Karani wake kwenda kumfunga nira na Sultani. Akamkuta Mzee Kaspari amekaa nje na wageni. Walikuwa wakwe zake, wazazi wa mke wa mwanawe, wamekuja kusalimia kwa mara ya kwanza. Mzee Kaspari amevaa koti. Alikuwa anawaeleza, kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia, kwamba maksai wake ndiye anayevuta plau ya upande ule wote wa kijito.

Mama Skola hakujizuia. "Nani, Sultani? Huyo huegemea tu. Karani ndiye anavuta, Sultani anasindikizwa. Amefanana na mwenyewe! Tangu niolewe hapa sijaona shemeji amefika shambani jua halijamtangulia."

Mkwe wa kiume akakohoa. Mkwe wa kike akaangalia mikono yake.

Wanangu, utani ni kama moto wa kupikia, una mahali pake. Mbele ya wakwe mtu hukaa wima, hula kidogo akidai ameshiba, hukohoa kwa adabu. Humvui koti mtu mbele ya wakwe zake, hata kama unamtania kila siku na hata kama unasema kweli. Mama Skola alilijua hilo kuliko mimi. Ulimi wake tu ndio haukuwa umeambiwa.

Mzee Kaspari alisimama. "Mama Skola," akasema, "mrudishe ng'ombe wako nyumbani."

Nilikuwepo, nimebeba minyororo. Hakumwita shemeji. Hapo nikajua mambo yameharibika.

Jioni ile ile Mama Skola alikwenda kuomba radhi, na kanga mpya kichwani. Akapokelewa, akakaribishwa kiti, akasamehewa.

"Nimesamehe," Mzee Kaspari akasema.

"Ahsante, shemeji. Basi kesho asubuhi tufunge nira?"

"Sultani anaumwa."

Sasa, katika nchi isiyo na miti, ni kazi ngumu kuwa na ng'ombe mgonjwa wa uongo. Kesho yake kijiji kizima kilimwona Sultani mgongoni mwa kilima, anakula nyasi kwa furaha, anakimbizana na ndama. Walisema tu, "Maskini Sultani," na kuendelea na kazi.

Kicheko kando, mambo yalikuwa mabaya. Mzee Kaspari alikuwa na vijana wakubwa wa kushika jembe la mkono. Mama Skola alikuwa na Skolastika na mgongo wake mwenyewe, na shamba lile la mteremkoni lenye nyasi za mizizi mirefu, ambalo jembe la mkono hulikuna tu. Mahindi yasipoingia ardhini mvua zikiwa changa, kule juu hayakomai. Nira nyingine zote zilikuwa na zamu zao. Ghala lake lilikuwa limebaki na vumbi na panya wawili wenye huzuni. Hivyo kila siku mawingu yalipokusanyika, sisi wengine tulifurahi, na yeye alikaa kizingitini akiyatazama, hata utani ukampungua. Hilo la mwisho ndilo lililonitisha.

Nikaanza kuwaza. Nilichonga nira ya ng'ombe mmoja, kama tulivyoonyeshwa chuoni. Karani alivuta, lakini kila baada ya hatua kadhaa alisogea kushoto kumpisha Sultani ambaye hayupo. Plau ikamfuata. Mama Skola akatazama mistari yangu.

"Mwalimu, hapa tunalima, au unaandika jina lako?"

Nikaazima ng'ombe wa pili kwa mtu mwingine, dume jipya lenye haraka. Karani akalikagua, akalala chini, akakataa kuamka mpaka tulipolitoa.

Mpango wangu wa mwisho niliuwaza mpaka usingizi ukanikataa. Niliwaambia wenye ng'ombe wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, waje kijitoni mchana waone jambo. Nikawapeleka Karani na Sultani kunywa maji pamoja. Niliamini kwamba watatambuana, watasimama bega kwa bega, mmoja kushoto na mmoja kulia, na wenye ng'ombe wataona, na mioyo italainika. Karani akanywa maji. Sultani akanywa maji. Sultani akajisaidia. Kisha kila mmoja akaenda njia yake bila hata kugeuza sikio.

Mzee Kaspari akaniuliza kwa upole, "Jambo lenyewe lilikuwa hilo?"

"Ndiyo, mzee."

"Mm. Ahsante."

Mzee Anselmi alipopata habari alikaa chini. "Ulidhani watakumbatiana?"

"Nilidhani wataonyeshana upendo kidogo."

"Mwanangu, hawa wamefungwa pamoja misimu yote hii. Siku ya mapumziko unataka wafuatane tena?"

Aliyepata dawa ni Mama Skola mwenyewe. Skolastika alikuwa ameposwa, na wakwe watarajiwa walikuwa wametuma habari kwamba Jumapili wanakuja. Mama Skola akanichukua niwe shahidi, tukavuka kijito.

"Shemeji," akasema, amesimama, amekataa kiti. "Mimi nilikuvua koti mbele ya wakwe zako. Maneno ya kuomba radhi hayakulirudisha, nimeona. Jumapili wakwe zangu wanakuja. Njoo unitanie mbele yao. Useme unalotaka."

Mzee Kaspari akainua kichwa. "Lolote?"

"Lolote."

"Na wakikasirika? Na binti je?"

"Hilo ndilo ninaloliweka mezani. Kama ningekuletea kitu kisichoniuma, ungekipokea?"

Njiani kurudi sikuweza kunyamaza. Je, ikiwa watainuka na kuondoka? Je, ikiwa posa itavunjika? Mama Skola alitembea mbele yangu bila kugeuka. "Mwalimu," akasema, "mwaka huu nina binti na shamba. Naogopa kwa ajili ya vyote viwili. Usiniongezee na woga wako, wangu unanitosha."

Jumapili wageni walionekana wakiwa bado wadogo kama siafu ng'ambo ya bonde. Tuliwahesabu, tukapika kwa idadi yao, tukawaona wanasimama kuvaa viatu. Wakafika, wakaketi: baba, mama, shangazi mnene mwenye macho makali, na mshenga. Wakala kidogo, wakadai wameshiba. Mama Skola alikaa kwenye mkeka na wanawake, kichwa ameinamisha, sauti ndogo, adabu tupu. Sikuwahi kumwona hivyo, nilidhani anaumwa.

Mzee Kaspari aliingia na koti lile lile. Akasalimia, akakaribishwa, chai ikapita. Kisha akasimama, akavua kofia.

"Wakwe zetu," akasema. "Mimi ni mkubwa wa ukoo huu. Nina neno juu ya huyu mama."

Mshenga akaweka kikombe chini. Shangazi akanyanyua kidevu.

"Huyu mama..." akasema Mzee Kaspari. Akakwama. Akaangalia dari. Akaangalia kofia yake. "Huyu mama, kwa kweli..."

Hakuwa na kitu. Miaka yote ile ya kutaniwa, yeye kazi yake ilikuwa kutabasamu. Hakuwahi kutania mtu mbele ya hadhara. Jasho likamtoka. Wageni wakaanza kutazamana, na kimya kikawa kibaya kuliko tusi lolote, kwa sababu kila mmoja wao sasa alikuwa anajitungia mwenyewe ubaya wa huyu mama ambao mkubwa wa ukoo anashindwa kuutamka.

Kutoka mkekani, kichwa kikiwa bado kimeinama, ikatoka sauti ndogo.

"Kwaya."

"Eh?" akasema Mzee Kaspari.

"Sema habari ya kwaya, shemeji."

"Aaa! Kwaya!" Uso wake ukafunguka. "Wakwe zetu, huyu mama tulimfukuza kwenye kwaya ya kanisa."

"Mlinipumzisha."

"Tulimpumzisha. Maana akianza wimbo, mbwa wa katekista anatoka mbio kwenda kuangalia nani ameumia."

"Na siku ya Pasaka," sauti ndogo ikasaidia.

"Na siku ya Pasaka! Siku ya Pasaka padri alisimamisha misa, akauliza kama kuna mtu amekanyagwa!"

Mimi nilikuwa nimeshaanza kuwaza jinsi ya kuwafariji mama na binti. Ndipo yule shangazi mnene akatoa mlio kama mfuniko wa sufuria inayochemka, akainama mbele, kilemba kikamdondokea kwenye chai.

"Mungu wangu," akasema alipopata pumzi, "na sisi tulikuwa tunaogopa nyumba hii! Tulisikia ni watu wa adabu sana. Binti naye anaimba?"

"Binti hasemi hata neno," Mzee Kaspari akajibu, amenyooka kama mkaratusi. "Yaliyokuwa yake yote ameyatumia mama yake."

Wakacheka wote, baba mkwe akafuta macho, na Skolastika aliyekuwa mlangoni akacheka pia, mara ya kwanza nasikia sauti yake. Mzee Kaspari aliketi. Mama Skola akamletea chai kwa mikono miwili.

"Karibu, shemeji."

Akaipokea, akapuliza, akanywa. "Sultani amepona," akasema.

Jumatatu niliamka na mawazo mapya. Je, ikiwa amesema tu kwa sababu ya wageni? Nikabeba nira yangu ya ng'ombe mmoja, kwa tahadhari, nikapanda mteremkoni. Ukungu ulikuwa haujaisha. Nilisikia kabla ya kuona: mnyororo, pumzi za ng'ombe, na Mama Skola anaimba. Mbaya kweli kweli, wanangu. Mbwa alikuwa na haki. Karani kushoto, Sultani kulia, mama mbele, Mzee Kaspari ameshika mikono ya plau. Kwa zamu yao, mwaka ule ilikuwa waanze na shamba la Mzee Kaspari. Lakini walikuwa kwa Mama Skola, na udongo mweusi ulikuwa umeshafunuka kutoka juu mpaka katikati, umenyooka.

"Mbona hamkuniita?" nikauliza.

Mama Skola akasimamisha ng'ombe, akaiangalia nira begani mwangu, akamwangalia shemeji yake.

"Tuliogopa utatuletea mpango," Mzee Kaspari akasema, peke yake, bila msaada wa mtu.

Mama Skola alicheka mpaka akashika pembe ya Karani asianguke. "Weka hiyo kuni chini, Mwalimu. Mbegu ziko kwenye ungo pale. Fuata nyuma, uzipande."

Nikaiweka chini, nikavua viatu, nikafuata nyuma nikipanda.